Bastola ya Hewa Isiyosita: Mwongozo Kamili kwa Walenga Shabaha wa Nyanda za Juu Kusini

Mlenga shabaha wa Mbeya, Njombe au Mafinga ana wapinzani wawili ambao hawamsumbui sana mwenzake wa Dar es Salaam: baridi na mwinuko. Bastola iliyofanya kazi vizuri Desemba inaanza kusita Juni. Peleti, yaani virisasi vidogo vya bastola ya hewa, zinatua chini ya duara, slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma kila mlio) hairudi mpaka mwisho, geji ya presha inasoma pungufu asubuhi ingawa jana jioni mtungi ulijazwa vizuri. Wengi hulaumu mkono, kisha hulaumu bastola, na mwishowe hununua kifaa kipya kisichohitajika. Mara nyingi kosa liko kwenye gesi, joto, peleti au oringi (pete ya mpira ya kuzuia hewa isivuje) ya bei ndogo, na linapatikana kwa kupima kitu kimoja kimoja kwa utaratibu.

Mwongozo huu ni wa bastola za hewa za milimita 4.5 kwa shabaha ya mita 10, mchezo uleule uliompa Yusuf Dikeç wa Uturuki medali ya fedha ya timu mchanganyiko Paris 2024 akiwa ameweka mkono mmoja mfukoni. Nimechagua bastola ya hewa kwa sababu ndiyo njia salama na nafuu zaidi ya kuujua ulengaji wa mashindano, na kwa sababu hali ya hewa ya kwetu inaigusa moja kwa moja.

Kabla ya yote, sheria. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Usinunue, usiagize wala usipokee bastola ya aina yoyote, hata ya hewa, kabla ya kufika kituo cha polisi cha wilaya na kumuuliza afisa anayeshughulikia leseni za silaha. Uliza pia kuhusu mahali unapotaka kulengea. Ukuta wa nyuma lazima uzuie kila peleti, na pasiwe na mtu anayeweza kukatiza mbele. Miwani ya kinga ni lazima kwa kila aliyepo, hata mtazamaji.

Hatua ya kwanza: jua bastola yako inasukumwa na nini

Bastola za hewa tunazokutana nazo ni za aina tatu. Ya springi hukazwa kwa mkono na haina mtungi. Hiyo haitusumbui sana hapa. Ya pili hutumia kichupa cha gesi ya kaboni dayoksaidi cha gramu 12. Ya tatu, ambayo ndiyo ya mashindano makubwa, ina mtungi mdogo wa hewa iliyoshindiliwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha presha) pamoja na regyuleta inayotoa kiasi kilekile cha hewa kila mlio.

Tofauti kati ya hizi mbili za mwisho ndiyo kiini cha matatizo ya nyanda za juu. Ndani ya kichupa kipya cha kaboni dayoksaidi kuna kimiminika pamoja na mvuke wake, na presha ya mvuke huo hufuata joto, haijali kimebaki kiasi gani. Kwenye nyuzi 30 presha ni kama bar 72. Kwenye nyuzi 20 ni 57, kwenye 10 ni 45, na kwenye sifuri ni 35 hivi. Asubuhi ya Julai pale Uyole joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na Makete au Kitulo umande huganda ukawa barafu. Kwa hiyo bastola iliyotengenezwa ifanye kazi kwenye nyuzi 20 inaamka ikiwa imepoteza zaidi ya moja ya tano ya presha yake kabla hujagusa kifyatulio.

Hili linaonekana kwenye karatasi. Peleti inayokwenda mita 140 kwa sekunde huvuka mita 10 kwa sekunde 0.071, na uzito wake unaishusha milimita 25 njiani. Ikipungua hadi mita 110 kwa sekunde, inachukua sekunde 0.091 na inashuka milimita 40. Tofauti ni milimita 15. Kwenye shabaha ya bastola ya hewa, kutoka mstari mmoja wa duara hadi unaofuata ni milimita 8. Yaani umelenga sawasawa, mkono haukutikisika, na bado umepoteza karibu maduara mawili kwa sababu ya baridi tu. Mwalimu asiyelijua hili atakusahihisha mkono usio na kosa.

Hatua ya pili: pima kasi, hata kama huna kipimakasi

Usirekebishe chochote kabla ya kupima. Kipimakasi cha kielektroniki ni kizuri ukikipata, lakini simu na programu ya bure ya kuhariri sauti kama Audacity zinatosha kwa kazi hii.

Tundika shabaha kwenye boksi gumu lililojazwa matambara yaliyoshindiliwa, mita 10 kamili kutoka mdomo wa mtutu. Pima kwa futi kamba, usipime kwa hatua za miguu. Weka simu katikati, mita 5 kutoka kila upande, pembeni kabisa ya mstari wa peleti na chini, ikirekodi. Fyatua mara tano. Kwenye mchoro wa sauti utaona miinuko miwili kwa kila mlio, wa bastola na wa peleti kugonga boksi. Kwa kuwa simu iko katikati, sauti zote mbili zinasafiri umbali ule ule kuifikia, kwa hiyo muda kati yao ni muda wa peleti angani. Gawanya 10 kwa muda huo. Ukipata sekunde 0.067, kasi ya wastani ni mita 150 kwa sekunde, ambayo ni ya kawaida kwa bastola ya mashindano.

Andika kwenye daftari tarehe, saa, joto, presha ya geji, aina ya peleti na kasi tano. Usiridhike na wastani peke yake. Angalia pengo kati ya kubwa na ndogo, kwa kuwa hapo ndipo bastola inaposema kama inasita. Yenye regyuleta nzima haitakiwi kuyumba zaidi ya mita chache kwa sekunde. Ikiruka kutoka 150 hadi 138 kisha 147, kuna kitu ndani hakifungi sawasawa.

Hatua ya tatu: bastola ya kaboni dayoksaidi kwenye baridi

Kama ndiyo unayoitumia, na wengi wetu ndiyo tunayoanza nayo, kazi yako kubwa ni joto. Vichupa vikae mfuko wa ndani wa koti kuanzia alfajiri, na bastola ikae ndani ya nyumba usiku, isilale kwenye buti la gari. Usikipashe kichupa moto kwa jiko, maji ya moto wala jua la dirishani. Kikivuka nyuzi 50 kinakuwa hatari, na sijaona shindano linalostahili jicho la mtu.

Kisha kuna mwendo wa kufyatua. Kila mlio unageuza sehemu ya kimiminika kuwa mvuke, na kugeuka huko kunanyonya joto kutoka kwenye chuma. Ukifyatua haraka haraka mara kumi utausikia mshikio ukiwa wa baridi mkononi, na presha inashuka mlio kwa mlio. Bastola zenye slaidi inayorudi yenyewe zinaumia zaidi, maana gesi ileile lazima isukume peleti na kurudisha slaidi. Ikiishiwa nguvu, slaidi inarudi nusu, haikamati peleti inayofuata, na unapata mlio mtupu au mkwamo. Dawa ya kwanza ni kusubiri. Acha nusu dakika au zaidi kati ya milio, na baada ya mfululizo wa milio mitano acha dakika kadhaa ipate joto. Kama ukisubiri inarudi kuwa nzima, tatizo ni joto na hakuna haja ya kufungua screw hata moja.

Ikiendelea kukwama hata saa saba mchana jua likiwaka, fuata mpangilio huu bila kuruka. Weka kichupa kipya. Jaribu magazini nyingine, yaani kibebeo cha peleti. Badilisha aina ya peleti. Safisha reli za slaidi kwa kitambaa kikavu na tone moja la mafuta ya silikoni. Hapo ndipo uanze kushuku oringi na vali. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, na uandike. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja bastola inaweza kupona, lakini hutajua ilikuwa inaumwa nini, na wiki ijayo utarudi palepale.

Tone moja la mafuta ya silikoni kwenye ncha ya kila kichupa kipya kabla ya kukitoboa husaidia mpira wa vali kubaki laini. Ni jambo dogo ambalo watu huliacha, halafu wanashangaa kwa nini bastola inavuja baada ya msimu mmoja.

Hatua ya nne: hewa iliyoshindiliwa, pampu na mwinuko

Bastola ya mtungi wa hewa haijali baridi kwa kiasi hicho, kwa sababu ndani hakuna kimiminika na regyuleta inasawazisha. Lakini mwinuko utauhisi mabegani. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa hapo ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko pwani. Pampu ya mkono huvuta hewa inayotuzunguka, kwa hiyo kila mvuto wa hapa unaingiza hewa pungufu kuliko ile ambayo ungeipata Dar es Salaam. Mtungi uliojaa kwa mivuto 100 pwani utataka kama 120 Mbeya, na Njombe zaidi ya hapo. Hiyo si dalili ya pampu mbovu. Pampu kwa mafungu mafupi na uache silinda ipoe, maana oringi za pampu huungua kwa joto la kushindilia kabla hazijachakaa kwa matumizi.

Geji nayo husomwa vibaya. Ukijaza hadi bar 200 mchana kwenye nyuzi 25, kisha usiku ukashuka hadi nyuzi 8, geji itasoma kama 189 asubuhi bila hata punje ya hewa kutoka. Kabla ya kusema mtungi unavuja, usubiri urudi kwenye joto la jana. Ukiwa bado una shaka, paka povu la sabuni kwenye maungio na uangalie mapovu.

Unyevu ni adui anayefanya kazi kimyakimya, na hapa kuna dhana ninayotaka kuiondoa. Wengi huamini kwamba ukungu wa alfajiri ndio wenye maji mengi na wakipampu mchana wamepona. Hewa ya baridi hubeba maji machache hata ikiwa imejaa ukungu. Chenye uzito ni msimu. Machi, mvua zikiwa zimekolea, mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 15 za maji. Julai mchana huwa karibu nusu ya hapo. Mtungi wa desilita moja uliojazwa hadi bar 200 umemeza lita 20 za hewa ya kawaida. Kwa hewa ya Machi hizo ni gramu 0.3 za maji, matone kama sita, na kwenye presha hiyo karibu yote yanageuka kimiminika. Ukirudia kujaza wiki baada ya wiki, kutu inaanza ndani ya chuma na regyuleta inaanza kuyumba. Kwa walio Tukuyu, mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, hili si la kuahirisha. Tumia pampu yenye kichujio cha chembechembe za kufyonza unyevu, zikaushe au uzibadilishe zinapobadilika rangi, na fungua kitoa maji cha pampu kila baada ya kujaza.

Sasa onyo ambalo naomba ulisome mara mbili. Usijaze mtungi wa bastola kwa oksijeni ya fundi wa kuchomelea. Mtungi wake unaonekana na presha ya kutosha, na fundi rafiki yako wa Mwanjelwa anaweza kukubali kwa moyo safi. Oksijeni ya presha kubwa ikikutana na mafuta kidogo tu inalipuka. Kwa sababu hiyo hiyo usipake grisi wala mafuta ya injini popote hewa ya presha inapopita. Ni silikoni peke yake. Kompresa ya kujazia matairi haina hatari hiyo, ila haitakufikisha popote, kwani presha yake ni ya bar chache tu.

Angalia pia tarehe iliyochongwa kwenye mtungi. Mitungi ya bastola za mashindano ina ukomo wa miaka 10 tangu kutengenezwa, na ule uliopitwa hauruhusiwi kwenye mashindano ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Anayenunua bastola ya mitumba aanze kuangalia hapo kabla ya kuangalia mtutu.

Hatua ya tano: peleti

Kwa mashindano tumia peleti za kichwa bapa, zinazokata tundu safi kwenye karatasi. Uzito wake huwa kati ya gramu 0.45 na 0.53, na kipenyo cha kichwa huandikwa kwenye kopo, kwa kawaida 4.48 hadi 4.52. Tofauti hizo ndogo zina maana. Mtutu mmoja unapenda 4.49 na mwingine wa kiwanda hicho hicho unapenda 4.50, na njia pekee ya kujua ni kujaribu.

Funga bastola kwenye jiliwa lenye taya zilizovikwa ngozi, au uilaze kwenye mifuko miwili ya mchanga. Piga milio kumi ya kila aina, karatasi mpya kila aina. Duara la 10 lina kipenyo cha milimita 11.5, bastola nzima yenye peleti inayoipenda itaweka zote kumi kwenye tundu moja lisilozidi duara hilo. Isipofanya hivyo ikiwa imefungwa, haitafanya mkononi mwako.

Mwaga peleti chache kwenye kitambaa na uangalie sketi zake, yaani ukingo wa nyuma, kwenye mwanga. Iliyobonyea hutupwa, iliyoanguka chini hutupwa, hata kama haionekani kuwa na kasoro. Kopo la peleti halisafiri limelala kwenye begi kutoka Iringa hadi Mbeya. Lishindilie sponji juu ili zisigongane, maana risasi, madini yanayotengenezea peleti, ni metali laini mno. Na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Madini ya risasi ni sumu, hasa kwa watoto, kwa hiyo kopo lisikae mezani pa chakula.

Hatua ya sita: mdomo wa mtutu, oringi na kifyatulio

Mbele ya mtutu wa bastola nyingi za mashindano kuna kipande chenye matundu kinachotawanya hewa inayoifuata peleti, ili isiisukume upande. Kitazame kwa tochi. Masizi ya kijivu yanatakiwa kuzunguka sawa pande zote. Yakikolea upande mmoja, kipande kimekaa vibaya au peleti inakigusa, na utapata makundi mawili kwenye karatasi usijue yanatoka wapi. Kilegeze, kisafishe, kirudishe katikati, kisha jaribu tena kwenye jiliwa.

Oringi ya nyuma ya mtutu hupimwa kwa kipande chembamba cha tishu. Kiweke juu ya maungio, piga mlio mmoja kuelekea kwenye boksi. Tishu ikiruka, hewa inapita. Badilisha oringi kwa yenye kipimo kilekile. Ya bomba la maji inayokaribia kufanana haifai.

Kifyatulio cha bastola ya hewa ya mita 10 lazima kihimili angalau gramu 500. Chupa ya plastiki ya nusu lita iliyojaa maji, pamoja na plastiki yenyewe, ina uzito unaozidi gramu 500 kidogo. Hakikisha bastola haina peleti, ifunge tayari kufyatua, mtutu ukielekea juu wima, kisha ning'iniza chupa kwenye kifyatulio kwa uzi na uinyanyue taratibu kutoka mezani. Ikinyanyuka bila bastola kufyatuka, utapita kwa mkaguzi. Bastola nzima isizidi gramu 1,500 na iingie kwenye boksi la milimita 420 kwa 200 kwa 50.

Hatua ya saba: ukishuka kwenda mashindanoni

Ukitoka Mbeya kwenda Dar es Salaam unashuka kama mita 1,700 na unapanda kama nyuzi 10 za joto. Watu wanaogopa mwinuko, lakini kwa mita 10 tofauti ya hewa nzito inahamisha peleti chini ya milimita moja. Joto ndilo la kufuatilia. Bastola ya kaboni dayoksaidi itapiga juu kuliko ulivyozoea, kwa hiyo usikaze vilengeo nyumbani ukadhani umemaliza. Mtungi wa hewa usiujaze mpaka ukomo kabla ya safari, na usiuache ndani ya gari lililoegeshwa juani pale Morogoro wakati mnakula.

Fika mapema, fungua sanduku, acha bastola ikae kwenye joto la ukumbi angalau nusu saa. Shindano ni milio 60 kwa saa moja na dakika 15 kwenye shabaha za kielektroniki, au saa moja na nusu kwenye karatasi, na kabla yake kuna dakika 15 za maandalizi na milio ya kujaribia. Tumia dakika hizo kusoma mahali peleti zinapotua kabla ya kugusa vilengeo, na usiguse mpaka milio mitano iwe imekusanyika pamoja.

Ikisita katikati ya milio ya kuhesabiwa, usiitikise wala kuigeuza kuiangalia mdomoni. Iweke chini ikielekea shabaha, inua mkono na umwite mwamuzi. Mwambie kilichotokea kwa maneno machache: haikulia, ililia dhaifu, au peleti haikutoka. Ndipo usome geji. Kama presha imeshuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha bastola yako, omba ruhusa ubadilishe mtungi wa akiba, ambao uliujaza jana na ukaupima kwa povu la sabuni.